Nyimbo Zisizoombwa

Kwenye dansi kuna watu wa aina mbili, na ukiwakalisha meza moja utajuta. Wa kwanza akisikia gitaa la mwanzo la "Neema" anasimama kabla hata hajajua kwamba amesimama, anaacha soda yake mezani bila mlinzi, anakwenda kucheza. Wa pili anabaki kitini, mikono kifuani, na anasema kwa sauti ya kusikika: "Hii tumeshaisikia." Huyu wa pili amelipa kiingilio kwa ajili ya wimbo mwingine kabisa, ambao pengine bendi yenyewe haijaupiga tangu Mzee Mwinyi yuko Ikulu. Akiupata, anaweza kutoa machozi. Asipoupata, wiki nzima atawatangazia watu kwamba bendi imekwisha.

Nimeishi katikati ya watu hawa miaka mingi kwa sababu ni ndugu zangu. Wa kwanza ni binamu yangu, wa pili ni baba yake, yaani mjomba wangu. Wanagombana juu ya nyimbo kama wengine wanavyogombana juu ya mipaka ya shamba, na kwa muda mrefu nilikuwa nawasikiliza tu huku nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Sasa nina upande. Naona mmoja wao ana haki zaidi, ingawa sababu zangu si zile anazozitoa yeye.

Kwetu ni Mkunya, juu ya uwanda wa Wamakonde, upande wa Newala. Bendi kubwa za dansi zilikuwa Dar es Salaam, Morogoro, Tabora. Sisi tulikuwa na redio. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi ikitaka kurekodi wimbo hapa nchini, njia kuu ilikuwa kuingia studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, kupiga, na kuiacha kanda pale pale. Wimbo uliopita studio ulifika Newala, Nachingwea na Tunduru siku ileile unaofika Magomeni. Ambao haukupita ulibaki ukumbini, na ukumbi ulikuwa mbali nasi kilomita mia kadhaa za barabara ambayo wakati wa masika ilikuwa jina tu.

Ndiyo maana ukimuuliza mtu wa Mkunya wa rika langu nyimbo za zamani anazozijua, atakutajia zilezile. "Nalala kwa Tabu", "Neema" na "Barua Kutoka kwa Mama" za Mlimani Park, yaani Sikinde. "Solemba" ya Juwata, ile bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, na leo tunaiita Msondo Ngoma. "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, na bado sauti yake inasikika huku kuliko ya diwani.

Nyimbo hizi tunaziita zilipendwa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo naomba radhi kwa swali la kisarufi: zilipendwa na nani? Hiyo ni kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Mtu fulani alichagua kanda ipi ipigwe Jumapili mchana na ipi ilale kabatini, tukapenda kile tulichopelekewa. Siku hizi kazi hiyo ya kuchagua imehamia kwa kijana mwenye kibanda pale stendi. Unampa flashi na shilingi elfu mbili, anakuwekea folda lake la zilipendwa, nyimbo sitini hivi. Folda hilohilo liko kwenye kila bodaboda, kila saluni na kila baa kuanzia Kitangari hadi Masasi. Nyimbo sitini! Bendi moja tu ya zamani ilikuwa na zaidi ya hizo.

Sasa mjomba. Msomaji asiyetoka kwetu ajue kwamba kwa Wamakonde mjomba si mtu wa kuja na zawadi wakati wa Idd na kuondoka. Ukoo unapita kwa mama, na neno la mjomba lina uzito wake. Wangu alikwenda Dar mwaka 1979 akapata kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki, kiwanda ambacho kilikuwa na bendi yake chenyewe, Urafiki Jazz. Lakini mjomba hakuwa mtu wa bendi moja. Kila Jumamosi alikuwa ukumbini, mara kwa Sikinde, mara kwa Juwata, mara kwa Maquis, kufuatana na mshahara na suruali iliyokuwa safi. Alirudi nyumbani katikati ya miaka ya 1990 na redio kaseti moja, sanduku la nguo na nyimbo nyingi kichwani, akashika mikorosho ya marehemu mama yake.

Kauli yake kubwa ni hii: "Redio ilikuwa inaokota kuni. Msitu ulikuwa ukumbini."

Anaeleza kwamba wimbo mpya ulizaliwa mbele ya watu. Bendi iliupiga Jumamosi ya kwanza ukiwa na mashairi tu, ile sehemu ya polepole. Jumamosi ya pili umeongezewa chemko, pale tarumbeta zinapoingia na watu wanaacha kukumbatiana wanaanza kucheza kweli. Jumamosi ya tatu mpiga solo amebadilisha kitu. Wimbo ukiwashika watu, siku moja ungepelekwa studio. Usipowashika, au mwimbaji akigombana na uongozi, au akihama, basi. Na kuhama kulikuwa ugonjwa wa mji mzima. Mwaka 1985 Muhidin Maalim Gurumo na wenzake kadhaa waliondoka Sikinde wakaenda Orchestra Safari Sound, na mjomba anauzungumzia mwaka huo kama watu wengine wanavyozungumzia ukame.

Katika hamahama hiyo alipotelewa na wimbo. Anauita "ule wa ufunguo". Mtu anasafiri, anamwachia rafiki yake ufunguo wa nyumba, anakawia kurudi, na huyu aliyeachiwa anaanza kuona nyumba ile kama yake. Mwenyewe anaporudi anagonga mlango wake mwenyewe. Mjomba aliusikia Jumamosi nne. Kwenye redio hakuusikia hata mara moja. Bendi siitaji kwa sababu mjomba ana majibu mawili kutegemea siku, na mashabiki wa Sikinde na Msondo ni watu ambao sitaki kuwakorofisha.

Huku kusini bendi hushuka msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba, minada ikishaanza na fedha zikianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, kila msanii nchini anakumbuka ghafla kwamba ana ndugu Mtwara. Zile hadithi za mbuzi wetu kununuliwa soda sisi wenyewe tunazisikia kutoka Dar. Mimi mbuzi huyo sijamwona. Lakini ni kweli kwamba Novemba ndiyo mwezi ambao mtu aliyepulizia mikorosho salfa tangu Juni, macho yakamwasha, kifua kikambana, anataka kukaa mahali penye taa na kelele akaitwa bosi.

Msimu mmoja wa karibuni bendi ya zamani kutoka Dar ilitangazwa Masasi. Tulikwenda watatu, mjomba, binamu yangu na mimi, tukateremka kutoka uwandani kwenye gari dogo lililojaa watu na mabegi. Mjomba alivaa koti. Njia nzima hakusema kitu. Nilijua anapiga mahesabu.

Ukumbini kuomba wimbo ni rahisi: unaandika kikaratasi, unakizungushia noti, unampa mhudumu. Kijana mmoja wa meza ya mbele alikuwa anapeleka elfu ishirini kila mara kwa wimbo uleule. Mara ya kwanza ukumbi mzima ulisimama. Mara ya pili nusu. Mara ya tatu kiongozi wa bendi aliitazama noti, akawatazama wenzake, wakaupiga tena. Binamu yangu alicheza mara zote tatu, na sijamwona na furaha kama ile tangu siku ya harusi yake.

Mjomba alipeleka elfu kumi na jina la wimbo wake. Mhudumu alirudi na kikaratasi na noti, vyote viwili.

"Mzee, kiongozi anasema samahani, huo hawaujui. Anaomba uchague mwingine."

"Sina mwingine," mjomba akasema.

Hapo ndipo binamu alipochoka. Kwa kawaida hamjibu baba yake mbele za watu, lakini usiku ule alikuwa amekunywa kidogo.

"Baba, watu wametoka Nanyumbu, wametoka Tandahimba. Wengine hii ni mara yao ya kwanza kuiona bendi kwa macho. Wamezisikia hizi nyimbo kwenye redio tangu wako mgongoni kwa mama zao. Unataka wakae wakusikilizie wimbo ambao unaujua wewe na Mungu?"

"Kama wanataka cha kwenye redio, wangebaki na redio."

"Redio haina jasho, baba! Mtu anataka amwone mpigaji akitokwa jasho kwa wimbo wake yeye."

Nikiri kwamba binamu alisema jambo zito, na mjomba alilijua, kwa sababu alinyamaza. Mtu anayekwenda dansi mara moja kwa mwaka hana "wimbo uliochoshwa". Uchovu wa "Neema" ni wa watu wa mjini. Yule kijana wa elfu ishirini hakuwa mshamba. Alikuwa anafidia miaka.

Na upande wa bendi nao una hoja yake. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka hamsini ya kuimba, alisema hajawahi kumiliki gari. Diamond Platnumz ndiye aliyempa moja. Alifariki Aprili mwaka uliofuata. Kama huyo ndiye alikuwa mkubwa wao, fikiria mpiga tumba. Mwanamuziki anayetazama elfu ishirini mkononi hawezi kuambiwa afikirie kumbukumbu za taifa. Enzi za NUTA na Juwata wanamuziki walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, wenye mshahara mwisho wa mwezi. Mtu mwenye mshahara anaweza kupiga wimbo usioombwa.

Kwa hiyo, mpaka hapo, ningempa binamu ushindi. Kilichonigeuza kilitoka mahali nisipopatarajia.

Shuleni kwetu kuna mwalimu wa kompyuta, kijana kutoka Arusha, anayesikiliza hevi meto. Ndiyo, huku Newala. Alipofika na fulana yake nyeusi yenye fuvu, wanafunzi walianza kunong'ona habari za Freemason, ikabidi asimame paredi aeleze kwamba ile ni nembo ya bendi ya Waingereza, Iron Maiden, na kwamba fuvu lenyewe lina jina, linaitwa Eddie. Hilo la jina halikusaidia.

Nilipomsimulia ugomvi wa Masasi alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe watu wake nao ugonjwa ni huohuo. Mwaka 2006 Iron Maiden walitoa albamu mpya wakaenda ziara wakiipiga yote, mwanzo hadi mwisho, nyimbo za zamani zikabanwa chache mwishoni; mashabiki wengi walikasirika kama waliotapeliwa. Mwaka 2023 wakafanya kinyume kwa namna yake: wakapiga jukwaani kwa mara ya kwanza "Alexander the Great", wimbo uliokuwa kwenye albamu yao ya mwaka 1986. Kuna watu waliokuwa wanaudai wimbo huo kwa miaka 37. Alinionyesha kwenye simu picha za wazee wenye ndevu nyeupe wakilia. Na Metallica, mwaka huohuo wa 2023, walianza ziara ya kupiga siku mbili kwenye mji mmoja bila kurudia wimbo hata mmoja, ili watu wa "Neema" na watu wa "ufunguo" wote wapate riziki.

Nikaipeleka habari hiyo kwa mjomba jioni, nikidhani itamfurahisha. Alikuwa anabangua korosho za kula nyumbani. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo miaka 37, wimbo wenyewe alikuwa nao nyumbani?"

"Ndiyo, mjomba. Ulikuwa kwenye albamu."

"Anaweza kuusikiliza akitaka?"

"Hata kila siku."

"Basi huyo hajapotelewa. Huyo alikosa kuuona tu."

Akaendelea kubangua.

Nimelifikiria jibu hilo kuliko vitabu vingi nilivyosoma mwaka ule. Shabiki wa hevi meto akigombana juu ya nyimbo adimu anagombania usiku mmoja. Bendi ikimnyima, wimbo uko palepale kabatini, unamsubiri yeye na mjukuu wake. Kwetu, wimbo ambao haukuingia studio hauna pengine pa kukaa ila kwenye vidole vya wapigaji na vichwa vya waliokuwepo. Usipopigwa, hauwi adimu. Unakufa. TX Moshi William amekwenda mwaka 2006, Remmy Ongala 2010, Gurumo 2014, Shaaban Dede 2017, na kila msiba tunazika na nyimbo ambazo hakuna aliyezihesabu. Cosmas Chidumule, sauti ya "Neema" yenyewe, aliokoka akahamia nyimbo za Injili. Hata kanda za redio, hazina tuliyonayo, ni zile zilizookotwa tu. Kuni za mjomba.

Nyimbo ambazo redio haikuzitaka wakati mwingine ziliponea ukumbini. Remmy Ongala alipotunga "Mambo kwa Soksi", mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuwaambia watu watumie kondomu, redio ya taifa haikukubali kuupiga. Watu waliujua hata hivyo, kwa sababu Remmy alikuwa anapiga dansi kila wiki na kaseti zilikuwa zinatembea. Ukumbi ulikuwa na nguvu ya kumpinga mtangazaji. Leo ukumbi umekuwa mtumwa wa folda la stendi.

Na hapa ndipo ninapoachana na mjomba katika sababu. Yeye anawalaumu vijana kwa kuomba zilezile. Mimi nalaumu saa.

Tufanye hesabu ya darasa la tano. Konsati ya hevi meto, anavyoniambia mwalimu mwenzangu, ni saa mbili hivi, nyimbo kumi na tano au kidogo zaidi. Hapo ukiingiza wimbo adimu mmoja lazima umtoe mwingine aliyependwa. Ugomvi wao ni wa haki. Lakini dansi halikuwa konsati. Wimbo wa dansi unaenda dakika nane, bendi inapanda saa tatu usiku na kushuka saa nane, tisa, wengine majogoo. Toa mapumziko, toa kufunga nyuzi zilizokatika, bado unabaki na nyimbo zaidi ya thelathini. Usiku wa namna hiyo una vyumba. Saa za mwanzo, watu wakiwa hawajajaa, bendi inajaribu mpya. Katikati inatoa zinazopendwa, ukumbi unafurika. Usiku mkubwa, wenye watoto wakishaondoka, wanabaki walevi, wapenzi na watu kama mjomba, na hapo mpigaji anaweza kukumbuka kitu cha miaka kumi nyuma na kukipiga kwa sababu tu vidole vimekitaka. Nafasi ilikuwepo kwa wote. Binamu na baba yake wasingegombana, wangepishana mlangoni.

Pale Masasi bendi ilipandishwa saa nne na nusu, baada ya wasanii watatu wa kuimba juu ya muziki uliorekodiwa, na ikashushwa saa saba kwa sababu ya kibali. Kwenye harusi wanapewa saa moja. Kwenye televisheni nyimbo mbili, tena zifupishwe. Ukimpa mpigaji saa mbili na nusu na familia ya kulisha, atapiga folda la stendi, na mimi ningefanya hivyohivyo. Kijana wa elfu ishirini hakuuua wimbo wa ufunguo. Wimbo wa ufunguo ulikuwa unakaa saa tisa usiku, na saa tisa imefutwa.

Sisi Wamakonde tungepaswa kulijua hili mapema, maana limetupata kwenye ngoma. Miaka ya 1960 kikundi cha taifa cha ngoma kiliichukua sindimba kikaizungusha nchi nzima na nje, ikawa ndiyo sisi. Mpaka leo mgeni wa serikali akija, wanaita sindimba, dakika tano, anapiga makofi, anapanda gari. Sindimba ni ngoma nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini ngoma za jando, na midimu yenye sura zao za mti, ambazo zilihitaji usiku kucha na watu wanaojua kwa nini ziko pale, hakuna anayeziomba kwenye mkutano wa hadhara. Haziingii ndani ya dakika tano.

Turudi Masasi, kuna jambo sijalisema. Wakati wa mapumziko mpiga gitaa la rithimu, mzee pekee katika bendi ile, alikuja mezani kwetu. Alikuwa amekiona kikaratasi. Akamwamkia mjomba, ingawa nadhani walikuwa rika moja, akakaa, akauliza: "Ni wewe uliyeomba ufunguo?"

Mjomba akaitikia kwa kichwa.

"Hawa watoto hawaujui. Mimi naujua mashairi. Chemko limenitoka. Zile tarumbeta alikuwa anazipanga marehemu fulani, na hakuandika."

Wakaimba pale mezani, wazee wawili, kwa sauti ya chini, huku spika zikipiga Bongo Fleva ya kujazia muda. Walikwenda pamoja mpaka mahali ambapo mwenye nyumba anafika na kugonga. Hapo mpiga rithimu akasimama, akacheka kidogo, akasema basi, kuanzia hapa ni giza. Mjomba aliendelea peke yake, akipuliza tarumbeta kwa mdomo. Binamu yangu, ambaye alikuwa amesimama na kreti ya soda mkononi, alisahau kuiweka chini.

Tulibadilishana namba za simu.

Likizo ya Desemba nilimkalisha mjomba chini ya mwembe nikamrekodi kwa simu. Ilichukua siku tatu kwa sababu kila alipofika kwenye chemko alianza kukohoa, au jirani akapita kusalimia, au jogoo akawika mahali pabaya. Nikapata dakika nne. Mwalimu wa hevi meto, ambaye ana gitaa, akajaribu kuzipiga. Mjomba akamsikiliza kwa adabu yote.

"Mwalimu, unakimbilia wapi? Huyu mtu amefiwa na nyumba yake. Hakimbii."

Akapunguza mwendo. Jaribio la pili lilikuwa bora. La tatu, mjomba alitikisa mguu, kisha akaukamata kwa mkono kama mtu aliyefumaniwa.

Nikatuma ile sauti kwa mpiga rithimu, Dar. Alikaa kimya siku tisa, nikadhani nimemkera. Siku ya kumi ukaingia ujumbe wa sauti, dakika moja na sekunde kadhaa. Anapiga gitaa lisilo na umeme, kuna watoto wanacheza nyuma, na anaimba chemko. Lakini silo chemko la mjomba. Tarumbeta zinaingia mapema, na kuna mstari mzima wa mwenye nyumba ambao sisi hatukuwa nao.

Nilimpelekea mjomba simu shambani. Akasikiliza mara mbili, uso umekunjamana.

"Hilo ni la Jumamosi ya pili," akasema. "Walilibadilisha. Mwambie la nne ndilo lenyewe."

Nikamwambia. Jibu lilikuja usikuusiku: mpiga rithimu anasema mjomba anakosea, Jumamosi ya nne yeye alikuwa jukwaani, mjomba alikuwa amelewa. Mjomba anasema katika maisha yake hajawahi kulewa kwenye dansi, muulize huyo bwana alikuwa amevaa shati la rangi gani. Binamu yangu ameomba nimtumie matoleo yote mawili. Anataka kumpelekea yule kijana wa stendi.